Kerezo Lililotumika na Miguu Yake Minne

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Maneno hayo yalinenwa juu ya vyombo vya baharini, lakini yafaa vile vile kwa vyombo vya chuma. Kila pampu ya maji, kila baiskeli na kila mashine ya kusagia mahindi ina ndani yake vipande vya mviringo vilivyokatwa kwa kipimo, na vingi katika hivyo vilipita katika kerezo kabla ya kumfikia mwenye kuvitumia. Watu wa pwani walijua kukereza tangu zamani, maana mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda na viti vya mti. Kerezo la chuma, ambalo mafundi wengi huliita lethi, hufuata njia ile ile: kitu huzungushwa, na kisu husogezwa taratibu mpaka kitu kiwe mviringo. Tofauti yao ni moja. Fundi wa mti hutosheka macho yake yakiridhika. Fundi wa chuma hatosheki mpaka kipimo kiridhike.

Mtu anayetaka kununua kerezo kuukuu ili alisimamishe nyumbani kwake yapasa akumbuke jambo hilo tangu mwanzo. Thamani yote ya mashine hiyo imo katika unyofu wake. Unyofu ukipotea, iwe kwa kutu, kwa uzembe au kwa haraka ya mwenyewe, hubaki mzigo wa chuma usiolipa hata nauli ya kuuleta.

Katika makerezo madogo yaliyopata sifa nyingi, mojawapo ni ML7 la kampuni ya Myford. Kampuni hiyo ilianzishwa na Cecil Moore mwaka 1934 katika mji wa Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, na ML7 lilitolewa mwaka 1946, mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika nchi ile iko desturi ya siku nyingi ya watu wa kazi za kalamu kuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba, na kuunda humo injini ndogo za mvuke. Gazeti lao, Model Engineer, lilianza kuchapwa mwaka 1898. Kerezo la namna ya ML7 liliwafaa sana watu hao, kwa kuwa hukaa juu ya meza imara na huendeshwa kwa mota ya nusu nguvu ya farasi. Toka katikati ya mhimili mpaka kwenye kitanda chake ni inchi 3½, hivi kwamba laweza kuzungusha kitu chenye upana wa karibu inchi 7, yaani milimita 178. Kiwanda cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, lakini makerezo yake yangali yakiuzwa na kununuliwa, na vipuri vyaweza kupatikana. Hilo la mwisho si jambo dogo, maana mashine isiyo na vipuri ni kama ng'ombe asiye na malisho.

Kabla ya kuendelea, yafaa viungo vya kerezo vijulikane kwa majina. Sehemu ya chini, ndefu na nzito, ni kitanda, nacho ni chuma cha kusubu kilichosawazishwa juu. Upande wa kushoto kuna kichwa chenye mhimili unaozunguka, na mbele ya mhimili hufungwa kishikio chenye taya tatu au nne za kubana kitu. Upande wa kulia kuna kichwa cha nyuma, kisichozunguka, chenye ncha ya kutegemeza kitu kirefu. Kati ya hivyo viwili kigari huteleza juu ya kitanda, nacho ndicho kibebacho kisu. Mbele ya kitanda imelazwa skrubu ndefu inayokivuta kigari kwa mwendo ulio sawa.

Sasa uwe mfano wa karani mmoja mwenye shamba la mboga kando ya mto. Pampu yake ilikuwa ikila bushi mara kwa mara, na kila mara ilimpasa aifungue, apande basi kwenda mjini na kungoja zamu yake kwa fundi, huku sukuma wiki ikinyauka shambani. Aliazimu kutoa akiba ya miaka mitatu anunue kerezo kuukuu. Mkewe hakulipinga shauri hilo, ila aliuliza neno moja: "Na likiwa bovu, Baba watoto, karo itatoka wapi?" Neno hilo lilikuwa la haki, nalo ndilo lililomfanya karani akague kabla ya kulipa.

Rangi hakuitazama sana, kwa kuwa rangi mpya huweza kuwa kanzu ya Idi juu ya mwili mgonjwa. Alianza na kitanda. Kigari hufanya kazi zaidi karibu na kichwa, kwa hiyo hapo ndipo kitanda huliwa zaidi. Karani alikisogeza kigari mpaka karibu na kishikio, akakaza skrubu zake za kando mpaka kikawa kizito kidogo, kisha akakipeleka upande wa pili. Kitanda kikiwa kimeliwa sana, kigari hukwama kabla ya kufika mwisho. Hiki kilizidi uzito kidogo tu, naye akaridhika.

Kisha akaupima mhimili. Alibana katika kishikio fimbo ya chuma yenye urefu wa shubiri mbili, akaweka juu ya mhimili saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha sehemu za elfu za inchi, akainyanyua fimbo kwa mkono. Mshale ulisogea sehemu mbili. Ulegevu huo ulikuwa mwingi kuliko inavyotakiwa, lakini haukuwa wa kukatisha tamaa, kwa kuwa beringi za ML7 ni za madini meupe laini, na chini ya vifuniko vyake huwekwa bati nyembamba sana ambazo hubanduliwa moja moja mpaka ulegevu uishe.

Baada ya hayo aliyahesabu meno ya magurudumu yanayopunguza mwendo. Katika makerezo mengi ya zamani meno hayo huvunjika kwa sababu ile ile: kishikio kikikwama, mtu asiye na subira huyafunga magurudumu yasizunguke, kisha akakigonga kishikio kwa nguvu zake zote. Mwisho aliulizia magurudumu ya kubadilisha, ambayo mara nyingi hupotea katika kuhama. Bila hayo kerezo haliwezi kukata meno ya skrubu kwa vipimo mbalimbali. Hesabu yake ni nyepesi. Skrubu ndefu ya ML7 ina meno 8 katika kila inchi. Mtu akitaka kukata meno 16 kwa inchi, skrubu hiyo yapasa izunguke nusu ya mwendo wa mhimili, kwa hiyo gurudumu la meno 30 litaliendesha la meno 60. Kwa vipimo vya milimita, ambavyo ndivyo vya skrubu nyingi madukani leo, mafundi hutumia gurudumu la meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na mara tano ya hesabu hiyo ni 127 kamili.

Bei ilipokubaliwa, kazi ya kulileta nyumbani ilifuata. Kerezo ni zito juu kuliko chini, hupinduka upesi, na chuma cha kusubu kikianguka hakipindi bali hupasuka. Kwa hiyo karani aliondoa kwanza mota, kishikio na kichwa cha nyuma, akalifunga lililobaki kwa kamba juu ya mbao katika gari. Hakuna aliyelishika kwa skrubu yake ndefu, maana hiyo ikipinda kidogo, kila skrubu itakayokatwa baadaye itarithi kosa lake.

Usafi ulimchukua jioni nyingi. Mafuta ya zamani yaliyoganda aliyalainisha kwa mafuta ya taa na brashi, na kutu ya juu juu aliiondoa kwa nyuzi nyembamba za chuma zilizoloweshwa mafuta. Msasa hakuutumia juu ya kitanda hata mara moja. Chembe za msasa huingia chini ya kigari, hukaa humo, na hukisaga kitanda siku zote bila mwenyewe kujua. Rangi ya zamani pia ilitaka hadhari. Rangi nyingi za miaka ile zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kwa hiyo hakuikwangua ikiwa kavu, wala hakufanya kazi hiyo karibu na jiko, na takataka zake alizikusanya zote. Kila sehemu iliyofunguliwa aliiweka katika kopo lake lenye karatasi ya jina, kama majalada ya ofisini, na kwa sababu hiyo hakubaki na skrubu hata moja isiyojulikana ilikotoka.

Nyaya za mota alizitupa zote, maana mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Umeme wa nyumbani katika Kenya ni wa volti 240, wa fezi moja. Mota ya fezi tatu iliyotoka kiwandani haitazunguka kwa umeme huo bila kifaa cha kuugeuza. Mota yake ilikuwa ya fezi moja, naye akamwita fundi wa umeme mwenye leseni, akafunga waya wa ardhi katika mwili wa mashine, na swichi ya namna ambayo umeme ukikatika hujizima, na ukirudi haiwashi mashine mpaka mtu aibonye. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, swichi hiyo yaweza kuokoa vidole vya mtu.

Ndipo akalisimamisha kerezo juu ya meza nzito ya mbao, akatoboa matundu manne, akaingiza bolti nne na kuzikaza kwa nguvu. Akatia mafuta mepesi ya mashine katika vikombe vya beringi, akawasha, nalo likazunguka kwa sauti ya kupendeza. Jirani waliokuja kutazama walimpongeza. Siku ya pili alikereza mhimili mpya wa pampu, nao haukuingia katika bushi. Upande mmoja ulipita; upande wa pili ulikuwa mnene.

Hapo ndipo akiba ya miaka mitatu ilipokuwa hatarini kuliko siku ya kununua. Rafiki mmoja, aliyekuwa na ujuzi kidogo na maneno mengi, alimwambia, "Ndugu yangu, kitanda kimeliwa. Tafuta tupa na msasa tukisawazishe." Kama karani angalikubali, kerezo lingaliharibika siku ile ile, maana hakuna mtu awezaye kwa tupa kurudisha uso uliosawazishwa kiwandani.

Henry Maudslay, fundi mashuhuri wa London aliyefariki mwaka 1831, aliunda karibu na mwaka 1800 kerezo la kukatia skrubu ambalo lilikuwa kielelezo kwa makerezo mengi yaliyofuata. Katika karakana yake alikuwa na kipimo alichokiita Lord Chancellor, yaani cheo cha aliyekuwa mkuu wa mahakama ya Uingereza siku zile, kwa kuwa neno la kipimo hicho ndilo lililomaliza ubishi. Karani naye alifanya vivyo hivyo: alimshukuru rafiki yake, akaiacha tupa mahali pake, akatafuta hukumu ya kipimo.

Alibana katika kishikio fimbo ya chuma yenye unene wa inchi moja, ikatokeza nje inchi tano, pasipo kuitegemeza kwa kichwa cha nyuma, ili kosa la kichwa hicho, kama lipo, lisije likaingia katika ushahidi. Aliipunguza katikati, akaacha pete mbili, moja karibu na kishikio na ya pili mwishoni, zikiachana inchi nne. Kisha kwa kisu kikali alizipitia pete zote mbili kwa mkato mmoja mwembamba sana, bila kugusa mpini wa kisu kati ya pete na pete. Alizipima kwa maikromita. Pete ya mwisho ilikuwa nene kuliko ya kwanza kwa sehemu nne za elfu ya inchi.

Maana yake ni hii. Kigari kilipokwenda kulia, kisu kilikuwa kikijitenga na kitu kidogo kidogo, kwa sababu kitanda kilikuwa kimesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Kitanda kuliwa hukishusha kisu, na kisu kikishuka kidogo, unene wa kitu haubadiliki sana. Kitanda kusokotwa hukisogeza kisu mbele au nyuma, na kila sehemu moja ya mwendo huo huonekana mara mbili katika unene. Msokoto ule haukutoka kiwandani. Aliuleta karani mwenyewe kwa bolti zake, alipokilazimisha chuma kifuate meza ambayo haikuwa sawa.

Alizilegeza bolti zote nne. Mguu wa mbele wa upande wa kulia ukajiinua wenyewe, na chini yake pakaingia karatasi mbili za ofisini. Karatasi aliitumia kupimia tu, maana hubonyea. Mahali pake aliweka kipande cha bati ya shaba chenye unene ule ule, akakaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, akapitisha tena kisu juu ya zile pete. Tofauti ilikuwa sehemu moja ya elfu. Akaongeza bati nyembamba kuliko ya kwanza, akajaribu tena, ikabaki nusu ya sehemu moja. Hapo akaacha. Kanuni yafaa ikumbukwe: pete ya mwisho ikiwa nene, mguu wa mbele wa upande wa kulia ndio uinuliwe, ikiwa nyembamba, uinuliwe mguu wa nyuma wa upande huo huo. Kisha, na si kabla, kichwa cha nyuma hulinganishwa na mhimili.

Wako wanaodhani kwamba kerezo lazima liwe sawa na maji, nao hununua pima maji ya ghali sana. Pima maji nzuri husaidia kuonyesha msokoto, lakini usawa na maji wenyewe si sharti. Makerezo hutumika katika meli, nazo meli hulala upande huu na huu usiku kucha. Sharti ni kwamba kitanda kisisokotwe. Na kwa kuwa mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, mwenye meza ya mbao hapana budi arudie jaribio la pete mbili majira yabadilikapo.

Yamebaki maneno machache ya usalama. Karani atokaye kazini na avue tai yake kabla ya kuwasha, na mikono mirefu ya shati ikunjwe. Glavu zisivaliwe, maana kitu kinachozunguka hukamata nguo na kuvuta mkono pamoja nayo. Miwani ya kukinga macho ivaliwe kila mara. Ufunguo wa kishikio usiachwe ndani ya kishikio hata kwa kitambo kidogo, kwa sababu mashine ikiwashwa utaruka kama jiwe la teo. Nyuzi za chuma zilizokatwa ziondolewe kwa ndoano au brashi, si kwa vidole. Na kwa kuwa kishikio cha ML7 hufungwa kwa meno ya skrubu, mashine isikate kwa kuzunguka kinyume, kisije kikajifungua chenyewe.

Mhimili wa pili uliingia katika bushi kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kulegea na bila kugongwa. Asubuhi yake pampu ilivuta maji, na mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye mfereji wa mboga, hakuuliza tena habari za karo. Aliuliza kama bawaba ya mlango wa banda la kuku yaweza kutengenezwa Jumamosi.

Kerezo lile lilikuwa zima tangu siku liliponunuliwa. Lililokuwa limepungua ni unene wa karatasi mbili chini ya mguu mmoja, na subira ya kulitafuta pengo hilo kabla ya kushika tupa.